Bi Mkubwa na Vitunguu vya Mama Mkwe

Siku Profesa alipotangaza kwamba mmea adimu kuliko yote tulio nao ni ndugu wa kitunguu, mwanangu alikuwa na meno manne na mimi nilikuwa na cheti kimoja. Cheti cha masomo ya jioni, cha usaidizi wa maabara. Kazi yangu, hata hivyo, ilikuwa kuosha vyombo vya maabara. Fomu ya kunitoa kwenye sinki na kunipeleka kwenye hadubini ilikuwa mezani kwa Profesa wiki ya tatu sasa, chini ya kikombe chake cha chai. Ilikuwa na alama mbili za kikombe na haina sahihi hata moja.

Mmea wenyewe tulimwita Bi Mkubwa. Anaota juu ya jabali moja tu dunia nzima, miche saba, na wa nane tulikuwa naye sisi, kwenye chungu dirishani, na pazia lake na maji yake ya mvua. Mimi kwangu sina pazia kama lile.

Ugomvi ulikuwa mmoja: Bi Mkubwa ni aina ya peke yake, au ni lile gugu la kando ya barabara, ila ana maringo? Mzee wa Majani, wa ofisi ya jirani, anayetambua mimea kwa kupima majani kwa rula, alishikilia kuwa ni gugu. Profesa akasema zihesabiwe kromosomu, vile vijiuzi vilivyomo ndani ya seli, maana idadi yake hutofautisha aina na aina. Gugu lina ishirini na nne. Bi Mkubwa je?

Kuzihesabu kuna kazi. Unakata ncha ya mzizi mchanga saa tatu asubuhi, seli zikiwa zinagawanyika kwa wingi. Unaitumbukiza kwenye kichupa cha spiriti. Baadaye unaitia rangi, unailaza kwenye kioo, unaifunika kwa kioo kingine chembamba kama ganda la yai, kisha unaminya kwa kidole gumba mpaka seli zitandazike. Ukiminya kidogo, huoni kitu. Ukizidisha, kioo kwisha, mzizi kwisha.

Darasani tulijifunzia kwa kitunguu, kwa sababu kromosomu zake ni nene na ni kumi na sita tu. Nikanogewa. Nyumbani nikavikalisha vitunguu vya mama mkwe juu ya glasi za maji ili viote mizizi.

"Mwanangu," mama mkwe akaniuliza siku moja, amempakata mtoto, "hivi vitunguu vinaoga mpaka lini?"

"Vinaota mizizi, mama."

"Na mboga ya leo niiunge na nini? Na cheti?"

Mizizi hiyo niliipeleka kazini kwenye kichupa, niwe naiminya saa ya chakula. Sikuandika jina, niliogopa kuulizwa. Nilifunga tu uzi wa waridi uliochomoka kwenye sweta ya mwanangu. Kando yake rafuni kilikuwepo kichupa cha Profesa chenye mizizi ya Bi Mkubwa, na jina zuri aliloliandika kwa ile kalamu yake ya zawadi. Kalamu ya wino. Na spiriti inafuta wino. Hata sisi wa jioni tuliambiwa siku ya kwanza, tuandike kwa penseli.

Alhamisi nikiwa na povu mpaka viwikoni, nikamsikia Profesa, "Kumi na sita!"

Mzee wa Majani akaja mbio na rula yake mkononi. "Kumi na sita kama nani?"

"Kama kitunguu, mwenzangu! Bi Mkubwa ni wa ukoo wa kitunguu!"

"Mwenye majani ya manyoya?"

"Kajibadilisha! Miaka mingi juu ya jabali, peke yake, nani asingebadilika? Kesho saa tano kamati ya uhifadhi inakuja. Nitawaeleza mwenyewe."

Nikageuka. Mezani kwake kilikuwa kichupa chenye uzi wa waridi.

Jioni nilimweleza mama mkwe. Alicheka mpaka akaniachia mtoto nimshike, kisha akafuta machozi. "Na ile fomu?"

"Nikisema, ataichana."

"Usiposema?"

"Atasimama mbele ya kamati awasifie kitunguu."

Akakitazama kitunguu cha mwisho pale dirishani, miguu majini. "Kaseme mapema. Akiumbuka kwanza halafu ajue, hata hilo sinki utalisikia kwa jirani."

Ijumaa nilimkuta Profesa anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya Bi Mkubwa. Nikasema yote bila kuvuta pumzi: kitunguu, saa ya chakula, sweta.

Akakaa kwenye stuli. "Binti, uzi wa waridi! Nilidhani umekitia alama kile cha maana. Nani anafungia uzi wa waridi kitu kisicho na maana?"

"Nisamehe, Profesa."

"Na changu kiko wapi?"

Nikamwonyesha rafuni kichupa kilichofutika jina, cheupe. Alikiangalia, akaiangalia kalamu yake mfukoni. "Ndiyo maana zilikuwa nene vile," akasema. "Nikasema labda Bi Mkubwa anakula vizuri."

Mle ndani mlikuwa na ncha tatu za mizizi. Saa nne na nusu. Akaminya ya kwanza: kra! Ya pili: kra! Kioo kwisha, mzizi kwisha. Akaigeukia ya tatu, akaniangalia.

"Wewe umeshaminya ngapi?"

"Vitunguu vyote vya mama mkwe."

Akanipisha kiti.

Niliweka kidole gumba. Ili nisizidishe nilifikiria kitu kimoja tu: ninavyopapasa ufizi wa mwanangu nikitafuta jino jipya. Moja kwa moja chini, bila kusugua, bila haraka. Kioo kikatii.

Profesa akahesabu. Akamwita Mzee wa Majani. "Hesabu wewe, usije ukasema nimekupangia."

Mzee wa Majani akainama. "Thelathini." Akahesabu tena. "Thelathini na moja!"

"Hiyo moja ni kope yako, mwenzangu. Fungua jicho vizuri."

"...Thelathini." Akairudisha rula mfukoni polepole, kama mtu anayerudisha upanga alani. "Basi si gugu. Lakini maringo anayo."

Kamati ilipofika, Profesa alizungumza dakika mbili tu, na kitunguu hakikutajwa. Bi Mkubwa akaandikwa aina ya peke yake. Walipotoka, Profesa akanyanyua kikombe, akavuta fomu yangu, akachomoa ile kalamu. Akataka kuilaza kwenye meza ya hadubini, nayo nzima ilikuwa imelowa spiriti.

"Profesa!" Nikainyakua fomu kabla haijagusa. "Saini hapa, mgongoni kwangu."

Akasaini, ananitekenya.

Nyumbani mama mkwe alikuwa mlangoni na mtoto. "Vitunguu vyangu vinarudi jikoni?"

"Vinarudi, mama. Kazini nitapewa vya kwao."

Akanipa mwanangu. Nikanawa, nikampitisha kidole gumba kwenye ufizi, taratibu. Tano. Nikahesabu tena, kama kazi inavyotaka. Tano. Halafu akaning'ata.