Moshi wa Siku Saba

Pasaka ilipokaribia, Yeshareg alivunja vyungu vyake vyote nyuma ya nyumba, kama walivyofanya wanawake wote wa kijiji chao cha Wayahudi, milimani Gondar, Ethiopia. Chungu kilichokaa na chachu mwaka mzima hakiingii Pasaka. Udongo hautakasiki kwa maji. Chungu huvunjwa, kikafinyangwa kingine.

Mumewe, Tegene, alimkuta akikanda udongo mpya, akamuuliza kama amerukwa na akili. Usiku wa Pasaka kijiji kizima kingeondoka kwa miguu kwenda Sudan, na kutoka huko, Mungu akipenda, Yerusalemu. Serikali ilikataza safari hiyo, na aliyekamatwa njiani alifungwa. Kulikuwa na nafaka ya kusaga na viriba vya kushona, naye mkewe anafinyanga vyungu asivyojua vitatumiwa na nani.

"Shumet anatuangalia," Yeshareg alisema. "Asipoona tukichoma vyungu, atajua hatuna haja navyo."

Shumet alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima, macho ya serikali pale, na aliishi ng'ambo ya mto. Tegene hakubisha tena. Akaenda kutafuta kuni.

Mpango mzima uliegemea desturi. Katika siku saba za Pasaka Wayahudi hawakugusana na majirani wasio Wayahudi, hawakununua kwao wala kuwauzia, na majirani walizoea kukaa mbali. Anayetoroka wakati huo hupata siku saba kabla ya kuulizwa alipo. Ila mapaa yasiyotoa moshi asubuhi huonekana hata kutoka ng'ambo ya mto, na hilo hakuna aliyekuwa na jibu lake.

Siku ya kuchoma, Shumet alikuja, akasimama mbali na moto. Kwa watu wa ng'ambo iliaminika kwamba wafinyanzi hugeuka fisi usiku.

"Fundi, mwaka huu vyungu vingi. Fisi wana wageni?"

"Fisi wana njaa, mwenyekiti. Usiku usipite njia ya huku."

Shumet akacheka, lakini si sana. Aliondoka ameridhika.

Jioni wanaume walikusanyika kwa kuhani Mahari, baba yake Yeshareg, mzee aliyevimba miguu. Tegene aliuliza kama ni halali kusafiri usiku mtakatifu. Kuhani alijibu kwamba waliotoka Misri walitoka usiku uo huo, wala hawakungoja sikukuu iishe. Usiku ule ulitengwa kwa ajili ya kutembea. Kisha, kama anayetaja jambo dogo, akasema atabaki, na moshi atautoa yeye, nyumba baada ya nyumba, kila asubuhi.

Yeshareg alingoja wanaume watoke.

"Nitakubeba, Baba."

"Mgongoni una mtoto. Na punda usiniletee, punda hulia."

"Basi nami sitoki."

"Torati inamtaka mzazi amwambie mwanawe kwamba yeye mzazi mwenyewe ndiye aliyetolewa utumwani Misri. Nimekwambia hivyo tangu utotoni, na mimi hata mto ule sijauvuka kwa hiari yangu. Nenda, mwanangu, ili utakapomwambia mwanao Melkam, iwe kweli."

"Na wakigundua?"

"Watamkuta mzee anapika."

Yeshareg hakulia. Udongo mbichi haukauki kwa usiku mmoja, la sivyo angemfinyangia chungu chake. Alichagua chungu kidogo miongoni mwa vile vipya, kinachotosha chakula cha mtu mmoja, akakiweka jikoni kwa baba yake. Kisha akaingia nyumba moja baada ya nyingine. Katika kila jiko aliinua kuni na samadi kavu juu ya mawe, usawa wa kiti, ili mzee asilazimike kuinama. Wenye nyumba walimtazama, wakaelewa, wakaanza kumsaidia.

Usiku wa Pasaka kuhani alichinja mwana-kondoo, nao wakala wamesimama, kwa mkate usiotiwa chachu. Mwanamke mmoja alisema kwamba mababu waliondoka na vyombo vya Wamisri, na wao wanawaachia Wamisri wa hapa vyombo vyao, tena vipya. Wachache walicheka. Mbalamwezi ilikuwa kali, lakini njia haikuwa na mtu. Anayeogopa fisi hulala mapema.

Njia ilizunguka bonde, hivyo alfajiri bado walikiona kijiji kule chini. Mapaa yalikuwa meupe kwa umande. Tegene alimvuta mkono mkewe. Yeshareg hakusogea mpaka moshi ulipopanda kutoka nyumba ya kuhani, mwembamba. Ukapita muda mrefu, mrefu mno. Kisha ukapanda kutoka nyumba ya jirani, halafu kutoka nyumbani kwao wenyewe.

Melkam aliamka mgongoni.

"Mama, nani anapika kwetu?"

"Babu yako."

Akafungua nguo aliyombebea, akamsimamisha mtoto chini penye mawe na vumbi.

"Tembea kidogo," alisema. "Hata kama ni hapa tu, uwe umetoka kwa miguu yako. Baadaye nitakubeba."