Ndegwa, Nakala Moja

Jumanne ya pili ya Machi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Wachuka alikuwa amekwisha kupangusa kaunta ya maktaba, amejimiminia chai kwenye kifuniko cha thamosi, na ameifungua orodha ya vitabu vilivyochelewa kurudi. Ndiyo kazi aliyoanza nayo kila asubuhi tangu maktaba ile ndogo ya nyuma ya mtaa wa Bondeni, Nakuru, ipewe sistimu ya kompyuta, Januari ya mwaka uliotangulia. Zamani orodha ilikaa kwenye kadi, ndani ya droo arobaini za mbao. Sasa droo ziko stoo na kuku wa mlinzi wanatagia humo.

Cha kwanza kwenye orodha kilikuwa kitabu cha magonjwa ya ngano. Cha pili, biolojia ya kidato cha tatu. Cha tatu alikuwa mumewe.

*Ndegwa*, kompyuta iliandika. *Nakala moja. Dundori, 1978. Jalada gumu, limechakaa kidogo pembeni. Kimeazimwa. Mwanachama nambari 1147. Muda umeongezwa mara ishirini na sita. Kilipaswa kurudi jana.*

Wachuka alisoma mara mbili, kwa sababu miwani yake ilikuwa na alama ya kidole. Kila kitu kilikuwa sahihi, hata pale pa kuchakaa. Wivu ukampanda, akairudisha chai kwenye thamosi, akafunga kifuniko.

Aliitafuta nambari 1147. Ilikuwa ya Jepchumba, mwenye duka la dawa za mifugo kule Mau Narok, msomaji mzuri, hajawahi kurarua ukurasa. Wachuka alimjua vizuri sana. Alikuja mjini kila Jumanne kuchukua dawa, akapitia maktaba, akanawa mikono kwanza kwenye mfereji wa nje ndipo aguse kitabu. Mara ngapi Wachuka amemwekea hadithi mpya chini ya kaunta ili wengine wasiziwahi! Hata kadi yenyewe ni yeye Wachuka aliyemwandikia, kwa mwandiko wake bora, na kumwambia karibu sana mama, hapa ni kwenu.

Ndegwa alinunua viazi Mau Narok na kuviuza Nakuru. Alikwenda Alhamisi kwa pikapu yake, na kwa mwaka mzima alikuwa akirudi Jumatatu, akisema barabara imeharibika na matope. Wachuka alimpa pole kila Jumatatu. Alimpa pole hata Februari, vumbi likiwa limejaa mpaka kwenye nyusi zake. Jumatatu ya jana hakuwa amerudi kabisa.

Alibeba karatasi iliyochapishwa akaingia kwa Madam Nerima, mkuu wa maktaba. Nerima alikuwa anakula muhogo. Aliisoma karatasi yote mpaka chini, kama alivyosoma kila kitu.

"Ako na stempu?" aliuliza.

Sistimu ilipokuja, waliagizwa waingize kila kitu chenye stempu ya maktaba, wasiache hata kimoja. Waliingiza vitabu elfu tisa, saa ya ukutani, viti vitatu na picha ya ziwa. Na Ndegwa alikuwa na stempu. Mwaka wa 2005, akimchumbia Wachuka, alikuwa akija kila Jumamosi kujifanya anasoma gazeti, na wasichana wa chuo waliokaa meza ya dirishani hawakusoma tena mstari hata mmoja. Jumamosi moja Wachuka alishindwa kuvumilia. Alizunguka kaunta, akamkunja Ndegwa mkono wa shati, akampiga stempu kwa nguvu upande wa ndani wa mkono. Wino wa zambarau haukuwahi kutoka. MALI YA MAKTABA.

"Nilitaka wajue ako na mwenyewe," Wachuka alisema.

"Sasa si mwenyewe ni maktaba?" Nerima alisema. "Na maktaba ni ya umma, Wachuka. Mtu yeyote ako na kadi anaweza kumchukua. Ungeandika tu jina lako na kalamu."

Walimpigia simu Kipchirchir, fundi aliyeiweka sistimu. Alisikiliza, akabonyeza vitu huko aliko, akasema sistimu iko sawa kabisa, haina shida yoyote, kosa ni la aliyeingiza. Kumtoa Ndegwa kwenye orodha kungehitaji barua kutoka ofisi kuu, na ofisi kuu hawakuwa wamejibu barua tangu Agosti. Nerima akaurudia muhogo wake.

Wachuka alirudi kwenye kaunta. Kwa muda alikaa tu akimchukia Jepchumba, polepole na kwa mpangilio, kuanzia sweta ya kijani mpaka mwanya wa meno. Kisha akakumbuka kanuni ya nane, ile aliyowasomea wanafunzi kila siku: kitabu hakiongezwi muda ikiwa kuna msomaji mwingine anayekisubiri. Akafungua ukurasa wa Ndegwa, akajiwekea nafasi. Saa tatu na dakika hamsini.

Saa nne Jepchumba akaingia, mikono bado ina maji.

"Habari ya asubuhi, madam. Nimechelewa siku moja, pole sana. Jana ng'ombe wa jirani alikuwa anazaa vibaya." Akaweka hadithi mbili juu ya kaunta. "Hizi narudisha. Ile ingine naomba kuongeza, leo kwa simu imekataa."

"Ile ingine gani?"

"Ndegwa."

Alilisema jina taratibu, bila kuogopa, kama mtu anayelitaja kila siku akipika. Hilo ndilo lililomuuma Wachuka kuliko hata zile mara ishirini na sita.

"Ako na mtu anamngoja," Wachuka alisema.

"Nani?"

"Mimi. Bibi yake."

Jepchumba alimwangalia sana. "Woi," alisema. "Haikuandikwa popote, madam. Niliuliza kama ako na mtu, nikaonyeshwa stempu." Akapanguza mikono kwenye sketi. "Sawa. Sheria ni sheria. Nitamleta Alhamisi."

Alhamisi alimleta kweli. Ndegwa alisimama mbele ya kaunta na begi lake, na Wachuka akamkagua kama kanuni inavyotaka, jalada, uti na pembe. Alimgeuza kola. Alimwangalia kucha. Kifungo cha koti kilichokuwa kimeng'oka tangu Krismasi kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi ileile. Viatu vilikuwa vimepakwa rangi. Kikohozi alichokuwa nacho miaka yote hakikuwepo. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na kibandiko chenye mistari ya kompyuta, na hata hicho kilikuwa kimenyooka, hakuna kona iliyobanduka.

Kitabu kikirudi kimeraruka, mtu wa maktaba anajua la kusema. Wachuka aliomba Mungu ampe hata doa moja la mchuzi. Hakupewa. Ikabidi aandike: *kimerudi katika hali nzuri kuliko kilivyotoka*, na wivu ukamzidi, kwa sababu miaka kumi na minane ameishi na mtu yule na hakuwahi kujua kwamba kile kikohozi kinatibika.

"Sasa, Mama Kabiru," Ndegwa alisema.

"Sasa."

Alimpitisha kwenye skana, ikalia, na Ndegwa akawa wake kwa siku kumi na nne.

Siku hizo Wachuka alizitumia vizuri, hakuna atakayemlaumu. Alipika mukimo, viazi vya kupondwa vyenye mahindi mabichi. Alisuka nywele. Alinunua shuka mpya zenye maua, zile ambazo huwekwa kabatini kungojea wageni, akazitandika bila mgeni. Ndegwa alikula, akashukuru, akaangalia habari, akalala. Hakuwa mbaya. Alijibu alipoulizwa. Siku ya tano, akiwa anakunja chapati, alisema bila kufikiri kwamba dania kidogo ingefaa hapo. Hakuna aliyewahi kutia dania katika jiko lile. Wachuka alitoka nje akasimama kando ya tangi la maji mpaka chapati zikapoa.

Siku ya tisa alimuuliza ana kwa ana.

"Baba Kabiru, huko unacheka?"

Ndegwa alifikiria swali kwa haki kabisa. "Nacheka," alisema. "Yule mtu huniuliza siku ilikuwaje. Halafu anangoja nimalize."

Wachuka alitaka kumuuliza siku ilikuwaje. Lakini siku yote walikuwa pamoja, na alikuwa anaijua.

Siku ya kumi na nne alikwenda naye kazini mapema ili amwongezee muda. Kompyuta ikakataa. *Kuna msomaji anayesubiri: 1147.* Jepchumba alikuwa ameweka nafasi dakika ileile alipomrudisha, kwa simu, akiwa bado amesimama kwenye ngazi za maktaba. Kanuni ya nane. Wachuka alijaribu mara tatu, akajaribu pia kwa kadi ya Nerima, na jibu likawa lile lile.

Ndegwa alikuwa amekaa kwenye benchi la wasomaji, begi miguuni, anasoma gazeti.

Chini ya ukurasa wake palikuwa na kitufe chekundu kilichoandikwa *Kimepotea*. Wafanyakazi walikuwa na ruhusa ya kukibonyeza. Mwaka jana mtu alikibonyeza kwa bahati mbaya kwenye saa ya ukutani, na tangu hapo ukuta una msumari tu. Wachuka aliweka kidole juu yake. Jepchumba angekuja na kadi yake na mikono yake safi, akaambiwa hayupo, hakuna anayejua aliko, pole mama. Angerudi Mau Narok mikono mitupu. Wachuka aliona raha ya jambo hilo, raha ya kweli, akaionja vizuri. Kisha akamkumbuka mtoto wao Kabiru, aliye bweni kidato cha pili, na siku ya wazazi ni Jumamosi, akaondoa kidole.

Lakini wivu haukutaka kukaa bure. Ulimwambia: yeye ana watu wawili wanamgombania kwa kanuni na tarehe, na wewe je? Wewe unasubiriwa na nani? Akaandika jina lake mwenyewe kwenye kompyuta.

*Wachuka*, ikaandika. *Nakala moja. Ya rejea, haitoki nje. Mara ya mwisho kufunguliwa: Desemba 2011.*

Alijaribu kukumbuka Desemba hiyo. Mvua ilinyesha, stima ikapotea siku mbili, na Ndegwa akamuuliza Wachuka mama yake mdogo aliyekufa aliitwa nani, akamwacha aeleze mpaka mwisho. Akaona kwamba kompyuta ilikuwa imesema kweli.

Pale kwenye neno *rejea* palikuwa na mshale wa kubadilisha. Aliubonyeza akachagua *ya kuazimwa*. Kompyuta ikamwomba idhini ya aliyemsajili. Aliyemsajili alikuwa Ndegwa, tangu siku ya arusi. Palihitajika kidole chake tu, kwenye kioo kidogo cha pembeni kinachosoma alama za vidole.

"Baba Kabiru," aliita. "Kuja uweke kidole hapa."

Ndegwa alikuja na gazeti lake. Alisoma yaliyoandikwa, yote, hata mwaka. Hakukasirika. Alicheka, na hakucheka kwa ubaya, alicheka tu kama mtu aliyeulizwa kama mlango wa nyumba unaweza kwenda sokoni.

"Wewe, Mama Kabiru? Wewe ni wa hapa. Nikirudi nikupate wapi?"

Alibonyeza *Kataa* kwa kidole gumba, kwa upole, akarudi kwenye benchi.

Jepchumba alifika saa nne. Alikuwa amebeba kabichi mbili kubwa, akaziacha kwenye kaunta akisema ni za Madam Wachuka, za shambani, hazina dawa. Wachuka alizipokea kwa sababu zilikuwa kabichi nzuri. Alimkagua Ndegwa, akaandika *hali ya kawaida*, akampitisha kwenye skana.

"Tarehe kumi na moja Aprili," alisema.

"Asante, madam. Sitachelewa."

Waliondoka. Mlangoni palikuwa na nguzo mbili za kengele zilizokuja pamoja na sistimu, za kukamata vitabu vinavyotolewa kwa wizi. Ndegwa alipita katikati yake na kengele haikulia, kwani alikuwa ametolewa kihalali. Wachuka aliwaangalia wakishuka ngazi, halafu miguu yake ikamwinua kitini na kuwafuata. Hakuwa amepanga chochote. Alitaka tu kupita mlango uleule waliopita wao, badala ya ule wa jikoni ambao wafanyakazi huutumia.

Alipofika kati ya nguzo mbili, kengele ililia mpaka wasomaji wakainua vichwa. Makhanu, mlinzi, akaacha kuku zake akaja. Alitazama taa nyekundu, akamtazama Wachuka, akavua kofia.

"Pole, madam," alisema. "Ya rejea haitoki."

"Najua."

"Mimi singekuzuia. Ni hii machine."

"Najua, Makhanu."

Alisimama pale hatua moja ndani ya kizingiti, kengele ikilia, mpaka pikapu ikawaka na kugeuka kuelekea barabara kubwa. Kisha akarudi ndani, na kengele ikanyamaza. Nerima alitoa kichwa ofisini kuuliza hiyo kelele ni ya nini, na kama wale watu wameshaenda.

"Wameenda," Wachuka alisema, akisogeza kabichi ili apate nafasi ya kazi. "Ndegwa amemweka yule mama kiti cha mbele. Mimi miaka yote hiyo huniambia mbele kuna mizani ya viazi, nikae nyuma na magunia."