Mfupa Kooni mwa Mteja

Siku hiyo mjinga alikuwa fundi viatu mwenyewe, na baadaye hakutafuta mtu wa kugawana naye ujinga huo. Alikuwa nao wa kumtosha na wa akiba.

Watu walimwita Soli. Kibanda chake cha mabati kilibanana na cha mwanamke mpiga pasi, katikati yao ukuta mmoja wa mbao. Upande wa pasi kulikuwa na joto, mvuke na foleni ya mashati. Upande wa Soli kulikuwa na rafu ndefu ya viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Kulikuwa na raba ya mtoto ambaye bila shaka sasa anafuga ndevu. Kulikuwa na kiatu cha bibi harusi cha mguu wa kushoto. Cha kulia alikijua Mungu. Tangu mkewe atangulie mbele ya haki na bintiye aolewe mbali, Soli alizoea kuvisalimia kila alipofungua mlango.

"Mmeamkaje, waheshimiwa? Leo nani anaondoka?"

Hakuna aliyeondoka.

Aliyekuja bila kukosa alikuwa mbwa mwekundu, sikio moja limekatika. Soli alimwita Mteja kwa sababu, alivyosema, huyu peke yake ndiye asiyelalamikia bei. Alimmegea chakula chake, akamsimulia habari za mjini, akamwomba ushauri kuhusu rangi ya nyuzi. Lakini gari la mifugo lilipopita na kipaza sauti, likiwaita wenye mbwa wawalete wachanjwe bure, mambo yakawa mengine. Mchanjaji alimnyooshea kidole Mteja, akauliza, "Huyu wa nani, mzee?"

"Wangu? Aka! Huyu ni mteja tu," Soli akajibu. "Nikianza kuchanja wateja, nitabaki na nani?"

Watu wakacheka. Mchanjaji naye akacheka, akaenda zake na sindano yake. Ukweli ni kwamba Soli aliona haya. Mtu mzima na mvi zake, atasimamaje kadamnasi kutangaza kwamba jamaa aliyebaki naye ni mbwa?

Halafu Mteja akapotea. Soli akawa anaacha mlango wazi hata upepo wa vumbi ukivuma, na akila anasukuma kando fungu la mwenzake mpaka linakauka. Asubuhi moja mbwa akarudi. Alikuja akiyumba kama mlevi wa jana, taya limening'inia, ute unamchuruzika hadi kifuani. Alipojaribu kubweka ikatoka sauti ya mkwaruzo, kama mlango uliokosa mafuta.

"Ahaa! Umekwamwa na mfupa, mlafi wewe," Soli akasema, na moyo wake ukatulia kwa furaha. "Ukila kwa watu wasiokujua, ndiyo malipo yake."

Hapo ndipo lilipo kosa. Fundi viatu huamini kwamba kila anayechechemea ana msumari mahali fulani. Tia kidole ndani, papasa, uguse, vuta kwa koleo, mtu atembee. Soli akapiga magoti, akamkumbatia Mteja shingoni kwa mkono mmoja, wa pili akaudidimiza kinywani mpaka kifundo. Akapapasa huku, akapapasa kule. Mfupa hakuuona. Alichopata ni mkwaruzo wa jino, kati ya kidole gumba na cha shahada, na damu kidogo isiyoweza hata kumwita nzi.

Kosa la kwanza halikumtosha, akaliongezea ndugu yake. Mafundi viatu wana hospitali yao ndani ya kopo: kisu kikikuteleza, unatia tone la gundi, unabana, unapuliza, unaendelea na kazi. Soli akatia, akabana, akapuliza.

Mteja akajikokota chini ya benchi. Soli akamwekea maji. Mbwa akatia mdomo, koo likakataa, maji yakarudi na ute. Kabla ya adhuhuri alikuwa amenyoosha miguu, baridi. Soli alivua aproni yake akamfunika, kisha akaketi akaanza kushona kiatu kilichokwisha kushonwa.

Mpiga pasi alichungulia, jasho bado linamtiririka. "Kimya chote hicho, Soli? Umekunywa gundi?"

"Mteja amefariki, jirani. Mfupa."

Yule mama akatazama ile aproni, akatazama ute uliokauka sakafuni, akamtazama Soli. "Huo mfupa uliuona?"

"Sikuuona. Niliutafuta."

"Uliutafuta kwa kitu gani?"

Soli akainua mkono. Gundi ilimeta kama kucha iliyopakwa rangi.

"Ole wangu! Inuka! Inuka upesi, na huyo mbwa usimguse tena!"

Alimburuta mpaka bomba la uani, akafungulia maji, akaanza kumsugua kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Gundi ikavimba, ikaanza kumenyuka.

"Kidonda cha mbwa hakizibwi," alisema kwa ukali. "Umemfungia mwizi ndani ya nyumba na ufunguo umempa. Robo saa nzima, maji yakitiririka. Ukitoa mkono kabla sijasema, nitakupiga na ndoo."

"Ah, mkwaruzo tu, jirani. Hata hakuning'ata."

"Mate yakipata mlango hayaulizi mlango ulifunguliwa na nani. Kaka yangu aling'atwa na mbwa wa jirani. Kidonda kikapona vizuri, tukasahau. Miezi ikapita. Siku moja akaomba maji, kikombe kilipomkaribia akaruka kama kimeshika moto. Ukifika hapo, daktari anabaki kukuhurumia tu. Sindano zake ni za kabla, Soli. Baada hakuna kitu."

"Mimi mbona maji nayaogopa siku zote? Hasa ya asubuhi."

Mama hakucheka. Soli naye akaona utani wake umeangukia chini, haujapata wa kuuokota. Akautazama mkono wake ndani ya mikono ya mwingine. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu amshike zaidi ya kumpa chenji. Robo saa ilipokwisha, karibu aseme bado.

"Haya," mama akasema, akijifuta kwenye khanga. "Nachomoa pasi, twende hospitali. Wakuchome leo, na tarehe nyingine watakazokupa usikose hata moja. Njiani tumwambie bwana mifugo aje amchukue."

Soli akaketi kwenye kizingiti. "Siendi."

"Unasemaje?"

"Nimekwisha nawa. Yatosha."

"Sikio la kufa ndilo hili sasa! Unaogopa sindano, baba mzima?"

"Siogopi sindano." Alitazama ndani, penye aproni. "Wataniuliza mbwa wa nani. Nitasema wangu. Jambo ambalo sikulisema akiwa hai nitalisema leo, ili wamwite kichaa. Watakuja na glovu zao, wamkate kichwa wakakipime. Mtaa mzima utasema mbwa wa Soli alikuwa na kichaa. Hakuwa kichaa, jirani. Mkono niliuingiza mwenyewe. Hata alipokuwa akifa, alikuja kufia kwangu. Nyumba zote hizi, akachagua kwangu."

"Alikuwa mgonjwa, Soli. Ugonjwa si tabia."

"Wewe unarudi nyumbani kuna kelele za wajukuu. Mimi nikifunga hapa narudi kwenye chumba ambacho hata panya wamehama. Huyu alinijia bila shida ya kiatu. Leo nikamshitaki hospitali kwamba ameniua?"

Mpiga pasi aliweka mikono kiunoni. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Soli.

"Mpaka sasa hivi," akasema, "mbwa wako hajaua mtu. Ukibaki hapo kwenye kizingiti, wewe ndiye utakayemfanya muuaji."