Sehemu ya Mafanikio

Wakubwa wa mji wetu wa Bunia walibadilika mpaka tukachoka kuuliza majina yao, lakini ajenda ya Mzee Hippolyte haikubadilika. Sala ya kufungua, neno la mwenyekiti, kusoma ripoti ya mkutano uliopita, kisha kubishania alama za mkato za ripoti hiyo. Nje risasi zinalia, sisi ndani tunajadili kama tuandike "kijito" au "mto mdogo". Nilikuwa nachemka kimyakimya.

Tulikuwa komite ya kujitolea ya mtaa wa Nyakasanza, na kazi yetu ilikuwa kuwashauri wakubwa juu ya mashamba, miti ya zamani na mazingira. Hakuna aliyetulipa. Hippolyte, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa mwenyekiti. Fulgence, fundi cherehani mwenye mwandiko mzuri, alikuwa katibu. Mimi, Scholastique, nilipewa kushughulikia mashamba kwa sababu baba yangu alikuwa bwana shamba, kana kwamba kilimo kinarithiwa kama pua. Wengine walikuja na kutoweka, kadiri vita vilivyowaruhusu.

Kila msimu tulipeleka ripoti kwa yeyote aliyekuwa ameshika mji. Ilikuwa na sehemu tatu, kama tulivyofundishwa kwenye semina kabla ya vita: matatizo, mapendekezo, mafanikio. Matatizo yalijaza kurasa. Wenye bunduki wanakata miti ya chemchemi kuchoma mkaa, wakimbizi wanalala mashambani, mbegu zimeliwa. Kwenye mafanikio tuliandika "hakuna", na hilo lilimuuma Hippolyte kama jino bovu.

Ndipo akaja Domitille. Alitoka kijiji cha Fataki kwa miguu na watoto wake, mume hajulikani aliko. Hakuwa ndugu yangu. Alinishika mkono sokoni, akaniuliza kama nina mahali, nikampa jiko langu walale. Barabara zilikuwa zimefungwa, samaki wa Tchomia, kule ziwani, hawafiki, na unga ukifika unaishia kwa wenye nguvu. Kwa hiyo Domitille alimwomba chifu wa mtaa kipande cha bonde nyuma ya shule, akapanda maharage.

Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule. Maganda yalijaa, na Domitille akaanza kuhesabu siku kwa sauti huku anaosha vyombo. Watoto wangekula mpaka washibe, na mbegu ingebaki ya msimu unaofuata. Nilikuwa nimewasikia watoto wale wakigeukageuka kwa njaa kwenye mkeka wangu, kwa hiyo kila asubuhi nilipita bondeni kuhakikisha maharage bado yapo.

Hippolyte naye alipita. Alisimama pale kofia mkononi, kama yuko kanisani. Jumamosi iliyofuata alitangaza kwamba safari hii sehemu ya mafanikio haitakuwa tupu.

Nilimwambia waziwazi, mbele ya wote, kwamba hao tunaowaandikia wana njaa na wana bunduki, na kwamba shamba la maharage yaliyokomaa si habari ya kuwapelekea. Alinisikiliza kwa heshima zote mpaka mwisho, jambo linalonikera kuliko kukatwa maneno.

"Mama Scholastique, siye tuko komite ya kushauri," akasema. "Kitu kama iko, tunaandika iko. Tukificha ya muzuri, nani ataamini ya mubaya?"

"Wale watakula ile maharagi, kisha njo wataamini," nikamjibu.

Fulgence alicheka, kisha akaona uso wa mwenyekiti akaacha. Tukapiga kura, na mkono wangu ukabaki juu peke yake. Fulgence akaandika kwa ule mwandiko wake wa madaha: bonde la nyuma ya shule, udongo mweusi, maji hayakauki, maharage karibu kuvunwa, mama mkimbizi mmoja ambaye ni mfano wa kuigwa. Hata njia ya kufika aliieleza, kwa sababu Hippolyte alisema ripoti isiyotaja mahali ni porojo.

Nilikwenda nyumbani mbio kumwambia Domitille avune hata mabichi. Tuliwahi kuchuma ya kupika mara moja tu, mvua ikatufukuza. Jumapili ikanyesha kutwa, naye akakataa kurudi bondeni: yakichumwa na maji yataoza yote, afadhali kungoja yakauke kidogo. Jumatatu asubuhi Hippolyte alivaa koti lake na kupeleka ripoti.

Jumanne wenye bunduki walifika na magunia. Hawakutaka kuchafua viatu vyao, wakamwamuru Domitille achume mwenyewe. Alichuma mpaka shamba likabaki mashina matupu. Wakati wa kuondoka mmoja wao alimpongeza. Alimwambia wamesoma kwamba yeye ni mfano wa kuigwa.

Alirudi jikoni kwangu na jembe, akakaa chini. Hakulia. Aliniuliza nani aliwaonyesha njia, na mimi nikamwambia yote, maana sikuwa na nguvu za kumfichia mtu.

"Nitalima tena," akasema. "Lakini weye na komite yako, musiniandike."

Jioni ile Hippolyte alikuja hadi kwenye ua wangu. Alivua kofia, akawatazama wale watoto waliokuwa wanalamba sufuria, akarudi alikotoka. Nilitamani aingie ili nimtukane.

Domitille aliomba mbegu kwa majirani, kiganja hapa kiganja pale. Safari hii alilima nyuma ya matanuru ya matofali, kando ya mashimo ya udongo yanayobaki na maji hata wakati wa kiangazi. Wapishi wa matofali walikuwa wamekimbia siku nyingi. Njia ile ilikuwa haina mtu, ila mimi na Hippolyte, ambaye nyumba yake iko ng'ambo tu ya mashimo. Kila asubuhi alipita kando ya yale maharage mapya, na kila asubuhi mimi nilizidi kupanga maneno nitakayomwambia siku atakapotaka yaandikwe.

Siku ya ripoti ikafika. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasoma: mashamba, mafanikio, hakuna. Hakuna mtu hata mmoja anayelima Nyakasanza.

Kalamu ya Fulgence ilisimama. Mkewe alikuwa amempa Domitille mbegu. Wote tukamgeukia mwenyekiti, mtu ambaye hajawahi kupitisha sentensi bila kuigeuza mara tatu. Matusi yangu yalikuwa tayari.

"Adopté," akasema, na ripoti ikapita.

Tukapiga makofi, ndiyo desturi yetu. Kisha tukafika kwenye mengineyo, na hapo Hippolyte akainua kidole.

"Kuko kitu moja. Njia ya nyuma ya matofali, membre yeyote wa komite asipite. Na mugeni akiuliza, musimupeleke kule. Kuko matope."

Ilikuwa kiangazi. Tulikuwa na vumbi mpaka kwenye meno. Fulgence aliuliza kwa sauti ndogo kama hayo nayo ayaandike.

"Andika," akasema Hippolyte. "Matope mingi sana."

Alikuwa anaitazama meza, hakunitazama mimi. Nilikuwa nimemwekea maneno yangu makali msimu mzima, na sasa sikuwa na pa kuyatua. Nikapiga makofi pamoja na wengine.