Mtumwa wa Mwinjuma

Mume wangu Mwinjuma ni Mzaramo wa Kisarawe, na rafiki yake Fanuel alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, kwa hiyo walikuwa watani. Kwa wanaoujua utani ningeweza kuishia hapo. Kwa wasioujua: Fanuel akija kwetu mtaa wa Lozells, huku kwa Waingereza, Jumapili, alikalia kiti cha Mwinjuma, akamega samaki wa Mwinjuma, kisha akamwambia mwenye nyumba, "Mtumwa wangu, lete pilipili." Mwinjuma naye alimjibu, "Mtumwa wangu wewe, babu yako alibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani, leo pilipili tu inakushinda?" Walicheka mpaka jirani anagonga ukuta. Hakuna aliyekasirika, maana mtani anayo haki hiyo tangu enzi za misafara, tena anayo yeye tu. Na siku ya msiba, huyo huyo mtani ndiye anayekuja kushughulikia kaburi, na mizaha yake hata huko.

Kosa la Mwinjuma ni kumweleza Mwingereza.

Wote wawili walifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha mabomba ya shaba. Mwinjuma alifunga mizigo. Fanuel alikuwa kwenye tanuru, anamimina shaba iliyoyeyuka, na moshi wake mweupe ulikuwa umeshamwingia kifuani. Mezani kwangu alikohoa mpaka ikabidi nimwondolee glasi. Daktari alimwambia waziwazi: utoke kwenye moshi huo, la sivyo utakuua. Ghorofani palikuwa na chumba cha mafundi wa mashine, chenye madirisha na hewa safi, na nafasi moja ilikuwa wazi. Mwenye kauli juu ya nafasi hiyo alikuwa mnyapara wao, Tranter, mtu mnene wa Castle Vale mwenye sauti ya mnadani. Fanuel aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote duniani. Nalisema mapema ili mjue alikuwa na nini cha kupoteza.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana Tranter aliwasikia wakiitana, akauliza neno lile maana yake nini. Mwinjuma, na ule ulimi wake usio na breki, akamjibu, "Namwita slave wangu. Na yeye ananiita hivyo hivyo." Tranter alicheka mpaka akafuta machozi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini usaha huo haukutoka siku ile.

Tranter alikuwa na chama chake. Wanaume wazima, wenye wake na watoto, siku za mapumziko huvaa nguo za askari wa kale na kucheza vita vya Marekani, vile vilivyoanza mwaka 1861, Kaskazini na Kusini. Agosti ile, mwaka 1971, walikuwa wanajiandaa kucheza pigano kubwa la kwanza kwenye uwanja mmoja Sutton Coldfield. Bunduki walikuwa nazo, bendera, farasi, hata mzinga. Walichokosa ni watumwa.

"Njoo uwe mtumwa wetu alasiri moja tu," akamwambia Fanuel. "Si umeshazoea kwa mwenzako? Tukirudi kazini tutazungumza habari za ghorofani."

Fanuel aliomba awe askari wa Kaskazini. Tranter akakataa. Historia ni historia, alisema: mwaka ule hata jeshi la Kaskazini halikuandikisha weusi. Kwenye pigano lile weusi waliwachimbia Kusini mahandaki, basi. Hilo alilisema kweli. Kisha akanogewa. Akawaambia watu wote pale mezani kwamba babu wa babu yake alifua bunduki mji huu huu, na Kusini wakazinunua, na kwamba vita vile havikuwa vya utumwa hata kidogo. Vilikuwa vya ushuru, na haki ya majimbo kujiamulia mambo yao.

Fanuel alisoma misheni, na historia aliipenda kama watu wengine wanavyopenda mpira. Akauliza kwa upole kabisa, "Kujiamulia mambo gani?"

"Mambo yao."

"Yapi? Maana majimbo yalipojitoa yaliandika sababu zenyewe. Mississippi walisema wazi kwamba ni utumwa. Na bunduki za mji huu Kaskazini nao walinunua."

Meza nzima ikamcheka Tranter. Shingo yake ikawa nyekundu, akainuka na sahani yake. Jumapili iliyofuata Mwinjuma alimgombeza mtani wake mbele yangu: "Mnyamwezi, unataka ghorofani au unataka historia? Funga domo!"

"Nimeshafunga," Fanuel akasema. "Ni mchezo tu, shemeji Mwanasiti. Nachimba kidogo, napigiwa kelele, nakwenda zangu upstairs."

Siku yenyewe jua liliwaka, jambo lisilo la kawaida kwa nchi hii. Tulikaa kwenye blanketi karibu na kamba iliyozungushiwa uwanja, Mwinjuma na mimi, na maandazi yangu na chupa ya chai. Waingereza walikuwa wamejaa na vikapu vyao vya mikate na soda. Mtu wa kipaza sauti akatuambia tujione kama wale watu wa Washington waliotoka na magari ya farasi na vikapu vya chakula kwenda kutazama pigano lile, wakidhani litakwisha mchana mmoja. Watu wakafurahi. Mzinga ukalia kwanza kuonyesha jinsi Kusini walivyoipiga ngome ya Sumter mwezi wa Aprili, watoto wakaziba masikio. Halafu Kaskazini wakaja kwa mistari, samawati tupu, na Kusini wakawangoja na kijivu chao nyuma ya handaki ambalo Fanuel alikuwa bado analichimba, amevaa shati la gunia.

Tranter alikuwa mnyapara hata huko. Kofia pana, buti, mjeledi mrefu wa ngozi. Mara za kwanza aliupiga chini, vumbi likaruka, watu wakashangilia. Kaskazini wakafyatua, Kusini wakafyatua, na moshi wa baruti ukamfunika Fanuel. Kifua kikamkamata. Akaacha kuchimba, akaegemea koleo lake, akakohoa huku amejikunja.

"Chimba!" Tranter akanguruma. Watu wakacheka.

Mjeledi wa kwanza ukampata mgongoni. Mtu anayeigiza hupiga kelele kabla fimbo haijafika. Fanuel hakupiga kelele, mdomo ulikuwa wazi tu. Hapo nikajua. Nikamshika Mwinjuma mkono, naye alikuwa ameshika andazi lake, halijafika mdomoni.

Tranter akainama karibu naye. Alikuwa amekunywa, uso unang'aa, na tulikuwa karibu kiasi cha kumsikia. "Haya niambie, vita hivi vilikuwa vya nini? Sema ushuru."

Fanuel akapumua kwa shida. "Utumwa."

Mjeledi ukapita juu ya sikio, damu ikaanza kushuka kwenye kola ya gunia. Mama mmoja mbele yetu akasema rangi ile inaonekana kama ya kweli.

"Vya nini?"

Fanuel akatutazama. Nilimwomba kwa macho, nilimwomba kwa moyo wangu wote: sema ushuru, shemeji, sema tu. Sema vilikuwa vita vya kuku! Neno moja uende ghorofani ukapumue. Nilimchukia kwa ukaidi wake, na nilimpenda, yote kwa pamoja.

"Utumwa," akasema.

Ule wa tatu ulimzunguka shingo. Tranter akauvuta, na Fanuel akaangukia magoti ndani ya handaki alilolichimba mwenyewe, vidole vinahangaika kwenye ngozi ile, macho yamemtoka. Watu wakapiga makofi.

Mwinjuma alivuka kamba na andazi mdomoni. Alilitema akiwa njiani. Mume wangu si mtu mkubwa, na sikuwahi kumwona akipigana, lakini siku ile alitembea kama anayekwenda kuchukua kitu chake. "Wewe!" akapaza sauti kwa Kiingereza, uwanja mzima ukasikia. "Huyo ni mtumwa wangu! Nani kakupa ruhusa ya kumpiga mtumwa wangu?"

Ndugu zanguni, walicheka. Walidhani na yeye yumo mchezoni. Hata Tranter aligeuka akitabasamu, ameshika mjeledi kwa mkono mmoja, na alikuwa bado anatabasamu wakati Mwinjuma alipookota koleo na kumshushia begani. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Pigo la pili lilimpata mdomoni, akakaa chini, akatema meno mapajani mwake. Makofi yalikuwa makubwa kuliko mlio wa mzinga.

Kusini wakaja na vitako vya bunduki. Mmoja alimpiga Mwinjuma mbavu, mwingine magoti, akaanguka juu ya Fanuel, akabaki hapo, amemfunika. Nikawatazama wale wa samawati. Nitakuwa mkweli, niliwatumainia, si ndio wakombozi? Nao kweli wakaja mbio wakipiga ukelele, wakaruka handaki, nikasema Alhamdulillahi. Wakawapita Kusini bila hata kuwagusa, wakaanza kumpiga mume wangu. Wahenga wanasema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Fahali hawa waliacha kupigana kabisa, wakazigeukia nyasi. Kijivu na samawati bega kwa bega, buti zinapanda na kushuka, na yule sajenti wa Kaskazini, mwenye ndevu za bandia, aliinua bunduki kwa mikono miwili na kukishusha kitako kwenye jicho la kushoto la Mwinjuma. Nilikiona kikiingia.

Sikumbuki kuvuka kamba. Nakumbuka chupa ya chai ikipasukia kwenye kichwa cha sajenti, na chai ya moto na vigae vya glasi vikiteremka ndani ya kola yake, na yeye akilia kama mtoto. Mtu akanivuta buibui, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Makofi yaliendelea hadi Mwinjuma alipoinua uso, na yule mama wa mbele akaona kilichokuwa mahali pa jicho. Hapo wakakusanya vikapu vyao na watoto wao na kukimbia, wanakanyagana, kama walivyokimbia wale wa Washington.

Polisi walitupakia sisi watatu garini, wale wengine wakabaki kutoa maelezo. Fanuel, shingo imevimba, damu imemkauka sikioni, akamgeukia Mwinjuma. Sauti ilimtoka kwa shida. "Umechelewa, mtumwa wangu. Bwana wako anachapwa, wewe unatafuna maandazi."

Mwinjuma alikuwa ameziba jicho kwa mtandio wangu. "Nilikuwa nakungoja useme ushuru, mjinga wewe."

Wakacheka! Niliwatukana wote wawili matusi ambayo siwezi kuyaandika, nikalia.

Kabla ya kesi aliyofunguliwa Mwinjuma, Tranter alimfuata Fanuel, mkono umefungwa shingoni, meno hayapo. Akamwambia nafasi bado iko wazi: aseme mahakamani ulikuwa mchezo, na kwamba Mwinjuma alimvamia mtu bila sababu. Fanuel alikuja kutuambia, akikohoa, na Mwinjuma akamwambia, "Sema. Jicho halirudi. Kifua chako unacho kimoja." Alimwambia hivyo kwa dhati, nilikuwepo. Fanuel akamega samaki wake, akala. Mahakamani walipomuuliza kama ulikuwa mchezo, akajibu, "Mchezo ni kwangu na Mwinjuma. Huyu alinipiga." Mwinjuma alifungwa hata hivyo, na Fanuel akarudi kwenye tanuru.

Moshi ulimmaliza majira ya baridi ya mwaka 1975. Tulimzika makaburi ya Witton, ardhi ngumu kama saruji. Kanisa lake lilikuja, na wenzake wa kiwandani, kofia mikononi. Mchungaji wa Kiingereza alipofungua kitabu, Mwinjuma akavua koti, akashuka kaburini, akalala chali kwenye udongo ule wa baridi, jicho lake moja linatazama juu.

"Hazikwi mtu hapa!" akapaza sauti. "Huyu ni mtumwa wangu. Nani kamruhusu aache kazi? Fanuel! Mnyamwezi mvivu wewe, nani kakuruhusu?" Kisha tukamsikia akilia huko chini kwa kwikwi.

Wachimba kaburi wakatazamana. Mchungaji akanisogelea, amefadhaika, akaniuliza kwa sauti ya chini mume wangu anasema nini.

Sikumjibu. Mwingereza tulishamweleza mara moja.