Blanketi Lililobaki Burungu

Valizi ilikuwa ndogo, na Mama Jeannette alikuwa ameshaifungua na kuifunga mpaka zipu ikaanza kugoma. Alikuwa anaondoka kijijini Burungu kwenda Montréal kumwona mjukuu wake wa kwanza, tena mwezi wa Januari, wakati ambao hata wenyeji wa huko hutoka nje shingo upande. Binti yake Solange alikuwa amempigia simu akamwonya: "Mama, tiketi iko ya valizi moja kidogo. Vitu ya mugini, ubakishe kule."

Maneno hayo yalimchoma, maana kitu cha mugini, cha kule kijijini, ndicho alichotaka kupeleka. Ilikuwa ngobyi, ngozi ya kondoo ya kubebea mtoto mgongoni. Jeannette alibebwa humo, na Solange pia. Katika ukoo wao, mtoto asiyepita katika ngozi ile huhesabiwa bado yuko njiani. Aliogopa Solange ataikataa.

Halafu kulikuwa na blanketi la Nestor. Mdogo wake huyo alichunga ng'ombe milimani miaka yote akiwa amejifunika blanketi zito la sufu, na aliliamini kuliko dawa. Alikuwa amelishindilia ndani ya valizi kwa magoti.

"Dada, kule baridi inakata masikio," alisema Nestor alipoona linatolewa. "Basi ujifunike nalo kwa mabega."

"Niingie ndani ya ndege na bulangeti, kama naenda kuchunga? Mimi ni muntu wa Burungu, Nestor. Nakamulaka ngombe ndani ya umande. Baridi iko inanijua."

Nestor alinuna mpaka pikipiki iliyombeba dada yake ilipoondoka. Jeannette alisafiri na kitenge, tiriko moja, yaani sweta, na ngozi.

Baridi ya Montréal haikumjua hata kidogo. Milango ya uwanja wa ndege ilipofunguka, meno yalianza kugongana yenyewe, na Solange akamtumbukiza ndani ya koti kubwa kabla hajamaliza kusalimu. Jeannette alimkumbuka Nestor na blanketi lake.

Nyumbani, mtoto alikuwa amelala katika kitanda cha magurudumu, amevalishwa nguo laini nyeupe. Jeannette aliona aibu. Alisukuma valizi nyuma ya kiti, lakini Solange aliivuta ili atundike nguo za mama yake. Harufu ya siagi ya ng'ombe iliyopakwa ngozi ikatoka kwanza.

"Mama, hii njo nini?"

"Nilikosa, mutoto wangu. Ulisema nisilete vitu ya mugini." Jeannette alitazama chini. "Lakini siku ile ya kukimbia vita, sikubeba valizi. Nilibeba hii tu, na weye ndani."

Solange aliichukua. Aliipapasa ngozi pale manyoya yalipokwisha, kisha akaenda nayo kwenye kitanda, akainama na kutega mgongo, kama wanawake wa Burungu wanavyoinama.

"Mama," alisema, "unibebeshe yeye."