Kifaa Kilichofaulu Mtaa wa Wakubwa

Niliporudi likizo kutoka bweni nilimkuta Mama amechoka kuliko godoro la shule. Yeye ni mhandisi katika shirika la umeme, na teknolojia yoyote mpya hainunuliwi kabla hajasema inafaa. Safari hii ilikuwa zamu ya vifaa vya kunasa hitilafu. Vinafungwa juu ya nguzo. Waya ukikatika, kifaa kinatuma ujumbe makao makuu, na kwenye skrini ya huko rangi ya kijani inageuka nyekundu.

Muuzaji wa vifaa hivyo, tuliyembatiza Bwana Kijani, alivijaribu mtaa wa wakubwa, ambako umeme ukikatika watu hupigiana simu kupeana pole. Skrini ikabaki kijani msimu mzima. Mkurugenzi akaridhika. Mama akaomba kimoja kifungwe kwetu, ambako wingu likipiga chafya tu tunawasha mishumaa. Wakamfungia, kama mtu anayempa mtoto pipi ili anyamaze. Kikao cha kusaini hati ya ununuzi kilikuwa kesho yake, na alikwishadokezwa kuwa asiposaini, bohari inahitaji mtu wa kusimamia misumari.

Mchana huo mvua ikanyesha. Umeme, kwa adabu zake zote, ukaondoka, na mtandao wa simu ukausindikiza.

Mama akaingia kalowa, viatu mkononi.

"Umekatika tangu lini?"

"Tangu tone la kwanza."

"Nimetoka ofisini sasa hivi. Skrini ni kijani."

Akaenda dirishani, akautazama mnara wa simu kilimani. Taa yake ya juu ilikuwa imezimika. Akanieleza taratibu, kama anayesoma wosia: kifaa hutuma ujumbe kupitia mnara, na mnara wetu unakula umeme uleule. Kule kwa wakubwa mnara una jenereta.

"Kwa hiyo kifaa ni kizima kabisa," nikasema, "ila tu umeme ukikatika."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeishiwa. Kisha akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akasema boharini angalau hakuna vikao.

Kesho yake kikaoni aliwaambia vifaa vinunuliwe pamoja na betri za minara, la sivyo visinunuliwe. Bwana Kijani akasema betri zitaharibu hesabu nzuri. Mkurugenzi akauliza kwa upole kwa nini mhandisi anatafuta kasoro katika kitu kisicholalamika.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, mzee," Mama akamjibu, akaifunika kalamu yake.

Hati ikasainiwa na mwingine. Mama akahamia kwenye misumari, vifaa vikapanda nguzoni mji mzima, na Bwana Kijani, nasikia, akapewa cheti cha shukrani chenye fremu.

Jumamosi moja umeme ukakatika tena. Mama alikuwa amejilaza kwenye kochi, sare mpya ya bohari bado mwilini. Nikamgusa bega.

"Mama, umeme hakuna."

"Kwenye skrini yao upo, mwanangu," akasema, akageukia upande wa pili.